Laurentine na Robine ya Katuba

Laurentine alizaliwa Kongolo, lakini ni Katuba, pembeni mwa mji, iliyomkomaza. Mumewe, mfanyakazi wa reli, alipokufa, watu wa avenyi, mtaa wake, walimkabidhi robine, yaani bomba la wote, ailinde. Walimchagua kwa ajili ya mikono yake. Siku moja fahali alitoroka kwenye machinjio. Laurentine akampiga kofi moja tu, na fahali akarudi mwenyewe kuchinjwa, kwa haya.

Robine ile iliwekwa zamani kwa nyumba arobaini. Mji ukanenepa, bomba likabaki jembamba. Walikuja waliofukuzwa kazi migodini Kipushi, wakaja wa Kasenga na samaki wao, wakaja na wasiojua walikotoka, mpaka nzi nao wakawa wanapanga mulongo, yaani foleni. Maji yalitoka asubuhi mpaka saa nne, uzi mwembamba kama mate ya mzee aliyelala. Bidon, dumu la maji, ilisimama kwenye foleni badala ya mwenyewe. Aliyesogeza ya mwenzake alionja ufunguo wa chuma wa Laurentine, ule wa kufungulia maji, mrefu kama mguu wa mbuzi.

Kitu kimoja tu kilipita mbele ya mulongo: nyumba yenye kilio. Bidon yake ilitiwa tawi la majani mdomoni, na watu wote wakasogea. Marehemu hangoji foleni. Lazima aoshwe kabla jua halijamharibu. Ndiyo maana mama-mkwe wa Mado, jirani wa Laurentine, alikufa mara tatu katika kiangazi kimoja.

"Mado, mama-mukwe yako anafufuka kupita Lazaro!"

"Nifanye nini, mama? Iko na roho nguvu."

Ndipo ukaja mwaka wa askari kuchoka kungoja mshahara. Walipora maduka ya mjini, wakabeba milango, wakabeba vigae, wakabeba hata harufu ya mikate. Sergent Godefroid alichelewa, akakuta misumari tu. Akaja Katuba na askari wawili, akaketi juu ya jiwe la robine, bunduki mapajani.

"Kuanzia leo, mayi ni ya jeshi. Makuta kwanza."

Makuta gani, pesa zitoke wapi, na mji umekwisha kuliwa? Watu wakaanza kuchota mtaroni. Siku ya tatu kuhara kukaingia, na watoto watano wakafa katika avenyi moja. Bidon tano zikaja na matawi. Godefroid naye alizaliwa na mwanamke. Akageuza uso, akaziacha zipite bure. Mado akaona. Laurentine akaona kwamba Mado ameona, asimkanye. Hapo ndipo kosa lake lilipo.

Kesho yake bidon sitini zilisimama kwenye mulongo, zote na majani mdomoni, kama shamba linalotembea.

"Avenue muzima iko na kilio?" Godefroid akauliza.

"Sergent, kifo haina congé, haipumziki," mwanamke mmoja akajibu, na wengine wakashindwa kuzuia kicheko.

Kicheko kile ndicho kilichowaponza. Godefroid alisimama, akapiga teke bidon ya mbele. Ilikuwa ya Mado.

"Hapana hiyo!" Mado alipiga kelele. "Mama-mukwe yangu alikufa kweli! Iko analala chini, hatuyamuosha bado!"

Nani angemwamini? Godefroid akafyatua. Risasi ilitoboa bidon saba, ikapita paja la Mado, na bado ilikuwa inauliza njia ya Sakania, kule mpakani. Mado akaanguka juu ya maji yake.

Ufunguo wa Laurentine ulishuka mara moja. Kofia ya chuma ya Godefroid ilizama mpaka mabegani. Wale askari wawili walikimbia mpaka viatu vikabaki nyuma vikiwatafuta. Wanawake wakamalizia kwa mawe na kwa bidon zilizojaa, wakipiga kila mmoja kwa jina la mtoto wake, mpaka Godefroid akalala mdomo wazi chini ya robine, maji yakiingia, yeye hamezi.

Walifunga paja la Mado kwa kitenge. Kisha Laurentine akasema, "Bidon ya kwanza, mama-mukwe ya Mado. Ya pili, huyu."

"Huyu? Aoshwe na mavi!" mwanamke mmoja akafoka.

"Alikufia ku robine yangu. Weye unajua mama yake iko wapi, aje amulilie?"

Akamwosha mwenyewe, damu na matope, akamvalisha suti ya marehemu mumewe. Wanawake wakaketi, wakalia, kwanza kwa hasira, halafu kweli.

Kamyo, lori la jeshi, ikafika na askari ishirini na petroli ya kuchoma avenyi. Mkubwa wao akamtazama maiti, safi, vifungo vyote vimefungwa.

"Nani alimuua?"

"Ni miye," Laurentine akajibu.

"Nani alimuosha?"

"Ni miye tena."

Akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno sita yalitoka. Moja, wanasema, liliokotwa Kipushi. Laurentine hakuanguka. Yule mkubwa akangoja aanguke, akachoka kungoja; avenyi iliyomwosha na kumlilia ndugu yao hakuweza kuichoma. Wakapakia ndugu yao, wakanawa mikono pale robine kama watu watokao makaburini, wakaondoka na petroli yao.

Uzi wa maji ulikuwa bado unatoka, na saa nne ilikuwa karibu. Mulongo mzima uliganda, macho kwa Laurentine. Akatema damu kando.

"Munataka mayi, ao munataka kuhesabu meno yangu? Nani anafuata?"