Mashimo ya Mama Mkwe

Ruzuku ya mbolea ilipofutwa, nami nikapunguzwa kazini. Nilikuwa bwana shamba. Kwa miaka mingi nilizunguka na baiskeli nikihubiri matuta yaliyonyooka na mbolea ya mfuko, kisha mfuko ukapanda bei hata mimi mhubiri nikashindwa kuununua. Tukabaki na shamba moja la mteremkoni, Matogoro, na midomo sita ya kulisha. Kila mvua iliponyesha, udongo wetu ulihamia bondeni. Nilichoka. Nilichoka na jembe, nikachoka na ushauri, hasa wa kwangu mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa amekuja kuishi nasi kutoka Umatengo, ambako watu hulima ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa safu kwa safu mlimani. Nilipokuwa kazini niliyaandika kwenye ripoti kuwa ni kilimo cha kizamani. Jumapili moja baada ya misa alilitazama shamba langu, akamwambia mke wangu, “Mwambie baba, maji yanataka pa kukaa.”

Nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka kwake. Lakini mtu na mama mkwe wake hawazoeani, kwa hiyo maelekezo yote yalipitia kwa mke wangu. Siku ambazo mke wangu alikuwa sokoni na mitumba yake, mama mkwe aliliambia jiwe, nami nikasikia.

Basi mwezi wa tatu nilifyeka majani marefu, nikayaacha yakauke, nikayalaza mistari iliyokatana hadi mteremko ukajaa vyumba vya mraba. Halafu unachimba katikati ya kila chumba na kuyafukia majani kwa udongo huo. Majani yanaoza humo ndani kama yanavyooza msituni, bila mfuko wa mtu, na maji yanatulia shimoni. Kwao kuchimba ni kazi ya wanawake. Nilipoinama kuchimba, mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kufikia shimo la ishirini kiuno kilikuwa kinawaka, nikajionea haya. Nilikuwa nimewapangia watu kazi miaka yote ile bila kuuliza mgongo wa nani utaifanya.

Tulipanda maharage juu ya kingo za mashimo. Yalipoota ikanyesha mvua ya siku mbili mfululizo, na usingizi sikuupata, maana maharage yale ndiyo yalikuwa chakula chetu. Asubuhi nilikuta kila shimo limeshika maji yake na tope lake. Maharage yamesimama. Kidogo nilie. Mama mkwe alikuwa ananifuata kwa nyuma, nami kwa furaha nikasahau desturi.

“Mama, mvua zikipungua twende Umatengo, nikakuchimbie na lile shamba lako.”

Kwa mara ya kwanza akasema nami moja kwa moja.

“Lile halipo, baba. Ulipokuja kuposa ulisema mashimo ni ushamba. Nikayafukia, nikapiga matuta, ili mkwe wangu asije akaona haya kwetu. Mvua za mwaka ule zilibakiza mwamba.”

Nikasema pole. Akaitikia, “Asante.” Halafu akaninyooshea kidole kona ya chini, akaniambia kuna shimo moja pale nimelichimba vibaya.