Mate ya Mbwa kwenye Kanzu ya Baba

Jamani, mnaonicheka kila tukikutana kwenye harusi, leo naisimulia mwenyewe, maana nimechoka kuisikia kwa watu ambao hata kwenye ndege hawakuwemo, na wanaongeza chumvi mpaka mbwa wamekuwa wawili. Mbwa alikuwa mmoja. Aibu ndiyo ilikuwa nyingi, na yote ni yangu, siigawi na mtu.

Ilikuwa siku ya ndoa ya mdogo wangu Zuhura, hapa Molenbeek, Brussels. Baba yetu alishafariki, mwanamume pekee aliyebaki kwetu ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye walii, na bila mimi kukaa mbele ya sheikh na kumwozesha, ndoa hakuna. Nilikuwa nimekwenda Oslo kwa mama, ambaye miguu yake haimruhusu tena kusafiri, nikachukue kanzu ya marehemu baba. Zuhura aliiomba mwenyewe: kama baba hayupo, basi kanzu yake iwepo. Mama alinikabidhi huku akilia. Nikaipiga pasi (kazi yangu ni udobi kule Anderlecht, pasi yangu haina mpinzani, na hilo silisemi kwa majivuno, ulizeni), ikanyooka, halafu nikaamua kuivaa humo humo ndani ya ndege, kwa sababu kuikunja kwenye sanduku niliona ni kuitukana, na nikishuka uwanja wa Zaventem nilitakiwa niende moja kwa moja ndoani.

Nafika kwenye kiti changu, sakafuni amelala mbwa. Si mbwa wa kubebwa mkononi, huyu alikuwa wa manjano, mkubwa, ameijaza nafasi yote ya miguu, yangu ikiwemo. Alikuwa anamwongoza bibi mmoja kipofu aliyekaa pembeni, na mbwa wa kazi hiyo anaruhusiwa kukaa na abiria. Mhudumu akaniinamia, akaniambia kwa upole kwamba kama mbwa ananisumbua kuna kiti kingine nyuma kabisa, karibu na choo.

Hapo ndipo ningesema ndiyo, yote yakaishia hapo. Lakini wa nyuma hushuka mwisho, nami nilikuwa na haraka, halafu nikajiuliza, ndege nzima imwone mwanaume mwenye kanzu nyeupe kama hii anamkimbia mbwa? Nikamjibu, "Hapana, madame, mimi na mbwa ni marafiki wa siku nyingi." (Ukweli ni kwamba tangu utoto wangu Buyenzi, Bujumbura, nikiona hata kijibwa kilichofungwa kamba, navuka barabara.)

Ndege ilipoanza kupanda, rafiki yangu akainuka, akanilazia kichwa mapajani. Mate yakatiririka kwenye kanzu ya baba. Sasa sisi tuliosomea vyuo vya Kurani vya Buyenzi tunajua, nguo iliyoguswa na mate ya mbwa huivalii sala mpaka uioshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikafumba macho nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, nikidhani nasoma moyoni, kumbe sauti inatoka, na kila mbwa akipumua naongeza. Hebu nioneni: kanzu, ndevu, macho yamefumbwa, Kiarabu kwa sauti, ndege inapanda, na ilikuwa ile miaka ambayo kila mtu anamwogopa kila mtu. Nilipofumbua macho, ndege nzima inanitazama. Bwana wa mbele amegeuka huku amemshika mkewe mkono, na mhudumu amesimama juu yangu, uso umemwisha damu, ananiuliza kuna nini.

Aliyeniokoa ni yule bibi. Akasema, kwa sauti ya wazee wasiojua kunong'ona, "Mwacheni, anatetemeka mpaka kiti changu. Anamwogopa mbwa wangu."

Akacheka mmoja, halafu wote. Nilishukuru kuchekwa siku ile kuliko nilivyowahi kushukuru kusifiwa.

Kushuka tu, simu ya Zuhura. "Kaka, sheikh ameshafika, donc wewe uko wapi?" Nikamwambia nakuja, nikaingia choo cha uwanja wa ndege, nikavua kanzu, nikabaki na fulana na kaptula, na udongo nikauchota kwenye chungu cha maua pale mlangoni. Nilikuwa katika kuosha, tope limeteremka mpaka pindoni, akaingia mlinzi, Mkongo wa Lubumbashi, akanitazama, akatazama sinki.

"Papa, bon, unafanya nini na udongo ya maua ya batu?"

"Nawahi ndoa ya dada yangu. Mbwa amenimwagia mate."

Akachungulia mlangoni. "Alors, maliza mbio mbio. Chef yangu, mukubwa ya kazi, anakuya."

Nikaingia ukumbini nimelowa, natiririka, pindo lina rangi ya matofali. Wanaume wote wakanigeukia. Sheikh wetu ni Mmoroko, akauliza kwa Kifaransa walii amepatwa na nini, nikamweleza yote mbele ya wakwe, udongo na mara saba. Akashika ndevu zake. "Lakini sisi wa madhehebu ya Maliki," akasema, "mate ya mbwa hatuyahesabu najisi."

Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimeiharibu kanzu ya baba, nguo moja tu aliyoiomba Zuhura, tena mimi dobi.

Zuhura akatokea kwenye mlango wa wanawake na mapambo yake. Akaja mpaka nilipokaa, akainama, akashika pindo. "Kaka, baba akitoka sala ya Ijumaa wakati wa mvua, si alikuwa anarudi nyumbani hivi hivi? Ungeileta nyeupe, ningeona ni ya muntu mwengine." Akalia, nami nikalia, na sheikh akatungoja. Kisha nikamwozesha.

Tangu siku ile nikiambiwa hama kiti, nahama, hata kama ni ndani ya choo chenyewe. Ila doa bado lipo pindoni. Dawa ya kulitoa ninayo dukani, chupa nzima, na Zuhura amenikataza kuifungua.