Mashina Matatu ya Nduma

Mikaratusi ya jirani ilikunywa chemchemi yetu hadi likabaki dimbwi, na nduma za mama, zinazotaka matope, zikabaki mashina matatu. Alikuja na mbegu ile alipoolewa, amepewa na mama yake, na kijijini kwetu Kibirichia hukupata nduma laini kama zile. Wakati huo nilikuwa fundi wa maabara Embu, kazi yangu kukuza migomba ndani ya chupa. Nikamwambia anipe yote matatu, nitamrudishia mamia. Akachukua jembe.

Sijaona mmea mkaidi kama ule. Mgomba ukiuosha kwa klorini unatulia. Nduma imezaliwa matopeni, na uchafu umeingia hadi ndani ya moyo wake. Shina la kwanza nililikata vipande, nikaosha, nikapanda chupani, kwenye jeli ya virutubisho. Siku ya nne kila chupa ilikuwa na ute unaonuka. La pili niliongeza klorini kwa hasira, nikaliua mwenyewe. Mkubwa wangu akauliza kama maabara imegeuka jikoni. La tatu nililikata kwa uangalifu. Miezi ikapita nikilaani vijidudu, stima iliyokuwa ikipotea kila wiki, na huu mdomo wangu ulioahidi mamia. Nikapata miche kumi na mmoja.

Niliipeleka nyumbani kwa mbwembwe. Majirani walikuwa uani wakichagua viazi vya mbegu, nami nikainua chupa juu waone mizizi myeupe. Nikatangaza kwamba hii ni safi, haina ugonjwa hata chembe. Nikanywa chai, nikarudi Embu.

Baada ya wiki mbili nilirudi nyumbani, nikakuta imeoza yote. Mama aliipanda kwenye dimbwi jioni ile ile, maana kwetu mbegu ya nduma hailali nje ya matope. Miche ya chupa hukaa kwanza kivulini wiki kadhaa, imefunikwa nailoni, hadi izoee hewa. Nililijua hilo vizuri sana. Sikulisema kwa sababu nilikuwa nashughulika kusifiwa.

Hata hivyo nilimfokea, mama yangu mzazi, majirani wakisikia. Naona aibu hadi leo. Alisubiri nimalize.

“Uliniambia ni safi,” akasema. “Hukuniambia ni michanga.”

Hakuniuliza tena habari za kazi yangu. Nikienda nyumbani bado ananipikia nduma, za kununua sokoni.