Makelele Kwenye Waya wa Mama Mumo

Ipo alasiri moja ambayo siisahau, mwanangu, na niliikumbuka tena juzi uliponipigia simu ukilalamika. Umeweka seva yako ya barua pepe hapo nyumbani kwako, na barua zako zinakataliwa huko zinakoenda. Ulizitukana kampuni kubwa, ukautukana mtandao, ukamaliza na serikali. Mimi nilikuwa kama najisikia mwenyewe nikiongea, enzi za usichana wangu.

Unadhani wewe ndiye wa kwanza? Miaka ya tisini, kabla hujazaliwa, nilirudi nyumbani Ukambani, upande wa Mbumbuni, kutoka Nairobi na kompyuta kuukuu iliyokuwa inatupwa kazini. Nikaiweka kwa nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu. Umeme haukuwa umefika, kwa hivyo niliiwasha kwa betri ya lori. Panya walikula nyaya, vumbi likaingia kila tundu, na jua likiwa kali niliipepea mashine kwa kifuniko cha sufuria. Lakini ilifanya kazi. Watu wenye jamaa ng'ambo waliniletea maneno yao nikayaandika, mashine ikayatunza, kisha nikaiunganisha kwa simu na mashine ya Nairobi, ikayapeleka na kuchukua yaliyokuja. Mashine mbili zikiongea kwenye simu husikii maneno, unasikia mlio tu wa kukwaruza.

Shida kubwa ilikuwa hiyo simu yenyewe. Siku hizo hukupiga moja kwa moja. Unazungusha kipini cha simu, opareta wa kituo cha sokoni anaitika, unamtajia namba, naye anakuunganisha kwa mkono wake. Opareta wetu aliitwa Mama Mumo. Sikuwahi kumwona, lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba ni adui yangu. Mashine zikianza tu kuongea, baada ya dakika chache simu inakatika. Nikipiga tena anakata tena. Nikiuliza ananiambia, "Laini ni mbaya, msichana," basi. Nilimpa majina ambayo leo siwezi kuyatamka, mimi ni mwanamke wa kanisa.

Sasa sikia. Mwaka ule mvua ilitunyima kabisa, mahindi yakakauka yakiwa bado ya magotini. Susu na kina mama wenzake walibaki na kazi ya kusuka vyondo tu, vile vikapu vyetu vya mkonge, na humo ndimo chakula cha watoto kilimopaswa kutoka. Alhamisi moja, saa kumi jioni, ujumbe wa mnunuzi wa ng'ambo ukapenya kabla simu haijakatika. Anataka vyondo vingi, lakini tumthibitishie rangi na ukubwa kabla ya Ijumaa asubuhi, la sivyo anachukua kwingine. Basi la mwisho la Nairobi lilikuwa limeshaenda, na kituo cha simu kilikuwa kikifungwa saa kumi na mbili.

Nikaandika jibu, nikapiga. Ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika. Susu alikuwa ameketi mlangoni akisokota mkonge kwenye paja. Nikaweka simu kwa kishindo, nikasema yule mama ana roho mbaya.

Susu hakuinua hata kichwa. "Unamjua?"

"Namjua sauti."

"Kila siku unapita shambani kwa mtu, hujawahi kubisha hodi hata mara moja, halafu unashangaa akifunga njia. Nani alikulea wewe? Inuka ukamsalimie."

"Susu, sina wakati."

"Wa kutukana unao."

Mwanangu, ukweli unauma zaidi ukisemwa na mtu ambaye hata kazi yake hajaiacha. Niliondoka nimenuna, nikaenda sokoni kwa hatua za hasira, njia nzima nikipanga maneno makali ya kumwambia.

Nilimkuta mama mfupi wa makamo, sweta mabegani, miwani imefungwa kwa uzi. Kabla sijafungua mdomo akanisalimu yeye kwanza. "Wewe ndiye Ndinda wa kwa Susu?" akasema. "Pole, mwanangu. Hiyo waya yenu iko na ugonjwa. Nikisikiliza kama bado mnaongea, nasikia makelele matupu. Nasema huyu msichana atalipishwa bure, heri nikate."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe muda huo wote niliokuwa namlaani, yeye alikuwa ananihurumia. Maneno makali yalinitoka kichwani yote. Nikamweleza habari ya mashine, pole pole.

"Kwa hivyo hayo makelele ndiyo kuongea kwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na leo inataka kusema nini?"

"Rangi za vyondo."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nilipomweleza juu ya kina mama na Ijumaa, kicheko kikaisha. Akatazama saa ya ukutani. "Kimbia nyumbani unipigie. Nikisikia inalia, nitaiacha ilie."

Nilikimbia, nikapiga, akaniunganisha. Laini ilikuwa dhaifu siku hiyo na barua ilikwenda kwa shida. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Nilishika kichwa nikingoja ikatike, kwa maana nani angemlaumu? Haikukatika. Giza lilikuwa linaanza kuingia mashine iliponiandikia kwamba barua imepokelewa. Nikainua simu, nikasikia sauti ya Mama Mumo, imechoka: "Imemaliza? Naweza kwenda kuwapikia watoto?"

Nilimwambia imemaliza, Mama, asante. Asubuhi jibu likaja kwamba vyondo vinatakiwa vyote, na nyumba nyingi za kwetu zilikula kwa kazi ile mpaka mvua iliporudi.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Seva ni yako, sikatai, na usiizime. Lakini wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kila barua inayotoka humo inapita mikononi mwa watu, na hao wa kampuni kubwa wanaokufungia mlango hawakuchukii. Hawakujui tu, wanasikia makelele. Waandikie. Jitambulishe wewe ni nani, waulize mashine ngeni inatakiwa ifanye nini, ufanye hivyo, na wakikukataa urudi tena kwa adabu. Usingoje siku ya shida ndipo ujifunze jina la mtu unayemtegemea. Na kabla hujamwita mtu adui, nenda umwone uso.

Mungu akupe subira, mwanangu, na kazi ya mikono yako isimame. Akuwekee njiani watu wa kukuhurumia hata kabla hujawajua, na wewe mwenyewe akufanye mmoja wao.