Sekunde Sitini za Saa Nne

Saa nne kasoro dakika moja asubuhi, karani wa masjala ya ardhi anaondoa mikono kwenye kibodi na kuikunja mapajani. Wenzake wawili wanainuka kimyakimya na kutoka nje. Skrini inakuwa nyeusi, kisha maandishi meupe yanajitokeza: "Naizima baada ya sekunde sitini. Funga madirisha, mwanangu."

Nje jua linawaka. Anayafunga hivyo hivyo. Kabla ya saa sita, mvua kubwa inapiga vioo.

"Ndiyo zake hizo," anasema, akijaribu kucheka.

Kiti hiki alikikalia baba yake miaka kumi na tisa. Alipoanza kuugua alimwachisha bintiye mambo mengine yote, akamfundisha kazi. Vitufe kwanza: Ctrl, Alt na Delete mashine ikigoma; Ctrl na S kila baada ya mstari, maana umeme hauna adabu. Sasa ana miezi minane kaburini, na kila siku ya kazi, saa nne, kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe, na ujumbe ni mpya.

Wenzake wanasema mashine ina mwenyewe. Fundi wa kompyuta anawacheka. "Mashetani gani? Mzee aliitega, akaandika faili zima la jumbe, moja kwa siku." Halafu anakuna kichwa. "Ila hii ya mvua, dada, mimi simo."

Kilichokuwa kikimnyima karani usingizi si hofu. Kesho mashine hii inaondolewa, ina miaka kumi na moja, na kila kilichomo kitafutwa. Jana fundi alimfungulia lile faili. "Bonyeza Ctrl na End, utafika mstari wa mwisho."

"Niliona nikiusoma nitakuwa nimemzika mara ya pili," anasema karani. "Lakini mimi na subira wapi na wapi! Utotoni kila kitabu nilikianzia mwisho. Baba alinifinya masikio mpaka akachoka."

Akabonyeza. Chini kabisa palikuwa na maneno haya:

"Nilijua utaruka, wewe. Rudi juu."

"Nilipiga yowe," anakiri. "Halafu nikalia, jamani, nikalia." Alibonyeza Ctrl na Home, akalifunga faili bila kusoma kitu kingine.

Kesho, kabla ya kuifuta mashine hii, fundi atalihamishia kwenye mpya na kulitega saa ile ile. Zimebaki jumbe ngapi? Hataki kuambiwa. Zikiisha, ataanza kuandika za kwake.

"Nina binti wa miaka sita," anasema, akiyafungua madirisha baada ya mvua kukatika. "Naye vitabu anavianzia mwisho."