Majina Matatu kwenye Ukuta wa Kanisa

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, kila ninapoinusa, hadi kwenye ukuta wa kumbukumbu uliosimama kando ya mlango wa kanisa letu. Wazee waliujenga baada ya vita kuingia Kolwezi, kanisa lenyewe likiwa bado na mabati ya kuokota, wakaandika majina ya waumini kumi na mmoja waliouawa. Baba yangu mdogo alikuwamo. Alikuwamo pia Tshibangu, mume wa jirani yetu Mama Ngalula. Wazazi wa Tshibangu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini.

Nilikuwa na miaka kumi msimu ule ambao watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapa. Mama Ngalula na wanawe walikaa majuma matatu kwenye kituo cha treni, wakingoja nafasi ndani ya behewa. Mama yangu aliwapelekea ugali wa bukari na mboga ya sombe kila mchana, maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na njiani watu wakamtemea mate. Siku treni ilipoondoka, Mama Ngalula alimwomba jambo moja tu: amtunzie jina la mumewe.

Jumamosi iliyofuata vijana walikuja na nyundo, wakabandua majina matatu ya Wakasai, la Tshibangu likiwamo. Jumapili tulipita mbele ya mashimo yale tukiimba, kana kwamba hatuyaoni. Wazee wa kanisa walinong'ona kwamba mwenye nguvu mpishe. Jumatatu, mchana kweupe, Mama alikoroga saruji kwenye karai, akaziba mashimo, kisha akanipa msumari, kwa kuwa yeye hakujua kuandika. Mzee mmoja wa kanisa alikuja mbio, akamwonya kwamba atatuletea matata sote.

Mama hakugeuka. "Balikufa pamoja, tata," alimwambia mzee yule. "Batabakia pamoja. Andika, mutoto wangu."

Nikaandika. Vijana wakabandua, tukaandika tena. Mara nne kwa jumla. Mama akavuliwa uongozi wa kina mama, na madirisha yetu yakavunjwa kwa mawe. Baada ya mara ya nne hawakuja tena. Mama Ngalula naye hakurudi. Tulisikia alizikwa hukohuko Kasai.

Leo kanisa lina paa jipya na vipaza sauti, na malori ya madini hutikisa kuta zake kutwa. Mimi ndiye karani wa kanisa. Mwezi uliopita tajiri mmoja alijitolea kutujengea ukuta wa marumaru, ila akataka uandikwe majina ya "wana wa hapa" peke yao. Wenzangu waliinamisha macho. Nilimwambia abaki na marumaru yake. Akauliza mimi ni nani hata nimkatalie.

"Ni miye niliandika ile majina, tata," nilimjibu. "Mwenye kutaka kuifuta aanzie kwangu."