Kitu cha Bure Kisicho na Risiti

"Umekula baba yangu!"

Hivyo ndivyo alivyonisalimu yule mama mteja, mlangoni kwangu, mchana wa jua kali, mwanangu yuko mgongoni ndio kwanza amefumba macho. Alikuwa ameishika flashi kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mjusi. Ndani ya hiyo flashi kulikuwa na maisha yote ya marehemu baba yake: alizaliwa wapi, alioa nani, alisomesha akina nani, na picha yake ya pekee aliyopigwa akiwa na koti. Asubuhi alikuwa ameniletea nimchapie programu ya mazishi. Nikachomeka, nikachapa nakala moja ya maneno matupu ampelekee mchungaji aikague, akaondoka na flashi yake. Sasa amerudi. Kila folda imegeuka kijipicha chenye kimshale, ukikibofya hakuna kitu.

"Pole, mama. Ni virusi."

"Virusi ya nani? Hii flash ilikuwa mzima mpaka imeingia kwa nyumba yako. Wewe Mkenya umemzika baba kabla ya siku yake!"

Na alikuwa anasema kweli.

Naishi Busia, upande wa Uganda, nyuma ya uwanja ambapo malori yanangoja karatasi. Nilizaliwa na kusoma upande wa Kenya, nikamaliza sekondari, nikaolewa huku, kwa hiyo nikikosea mimi ni Mkenya na nikifanya vizuri mimi ni mke wetu. Kazi yangu ni kuchapa, hapo hapo sebuleni. Kadi za harusi, mitihani ya shule za chekechea, lakini zaidi mazishi. Watu wanakufa pande zote mbili za mpaka, na siku hizi hakuna anayezikwa bila programu yenye picha mbele. Ukimzika mtu bila programu, mashemeji watakusema mpaka wakuchoke.

Kila mteja huja na flashi yake, na kila flashi imeshalala katika kompyuta za watu nisiowajua, Malaba, Tororo, Bumala. Kompyuta yangu ilikuwa kama chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi, kila mgeni anatumbukiza mrija wake. Mgonjwa mmoja akinyonya, wote tunakohoa.

Na mimi sikuwa na nafasi ya kukohoa. Kwa akina mume wangu mtoto wa kwanza akiacha ziwa anapelekwa kwa bibi yake. Ndiyo kawaida yao. Mume wangu mwenyewe alilelewa hivyo, na akikuambia anajisifu. Mama mkwe yuko Lunyo, ana shamba, ana muhogo, ana nyumba iliyonyamaza, na tangu mwanangu ameanza kutembea amekuwa akiuliza kwa simu, "Bado ananyonya? Bado tu?" Nilinyonyesha mtoto mwenye meno kamili kwa ajili ya swali hilo.

Mwishowe mume wangu alitoa uamuzi wake, akiwa anafunga kamba za viatu, kama anayesema habari za mvua. "Mama mtoto, kama una kazi ya hapa nyumbani, mtoto akae. Kama huna, utaenda kusaidia duka la kaka upande wa pili. Na dukani si mahali pa mtoto." Halafu akapanda lori akaenda.

Sina ugomvi na Lunyo. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto wangu alikuwa amefungwa kwa kamba kwenye mashine kuukuu, na mashine ikifa, na yeye anaenda.

Na ilikuwa inakufa. Fundi wetu wa mtaani alikuwa ameshaipiga windo, yaani kuiwekea Windows upya, mara nyingi kiasi kwamba nilimwona yeye zaidi kuliko ninavyomwona mume wangu. Kila akija anafuta vyote, kazi za wateja, picha za mtoto alipozaliwa, vyote, anaweka upya, baada ya muda skrini inakuwa nyeusi na kuniambia kwamba nakala yangu si halali. "Madam, hii machine nazeeka," anasema, "nunua ingine." Halafu anaandika risiti, anaipiga muhuri. Mume wangu anazitunza hizo risiti. Anamwamini fundi mwenye muhuri.

Siku ile ya mama mwenye flashi nilichoka. Hasira nilikuwa nayo tangu zamani, hiyo haikuwa mpya. Kilichokuwa kipya ni uchovu. Kesho yake nikafunga kile kisanduku cha kompyuta kwenye leso, nikampa mmoja wa wale wenye baiskeli za magurudumu matatu wanaovusha mizigo, mwenye mikono kama mizizi na miguu isiyofanya kazi, nikamfuata nyuma na mtoto mgongoni.

Pale kwenye kizuizi cha mpaka askari akauliza, "Hii ni ya kuuza?"

"Ni mgonjwa," mwenye baiskeli akamjibu kabla yangu. "Namkimbiza hospitali Kenya, wenu hawana dawa."

Askari akacheka, tukapita.

Upande ule kuna dada anayetengeneza simu na kompyuta katika kibanda chenye feni. Aliwasha, akatazama, akasonya.

"Sista, hii windo ni ya kukopi. Imezibwa masikio, haisikii marekebisho. Ndio maana kila mdudu anaingia."

"Nimeilipia. Nina risiti."

"Ulimlipa fundi. Windo hukuilipa."

Nikakaa kwenye benchi. Miaka yote ile tunanunua kitu cha wizi, tena kwa muhuri.

Akaniambia kuna mifumo mingine ya kuendesha kompyuta, inaitwa Linux, na ni ya bure.

"Bure? Hapa mpakani?" Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Huku hata kuulizwa njia kuna bei. "Na hasara anakula nani?"

"Hakuna hasara. Watu wa kila mahali wanaiandika pamoja, wanaiacha wazi. Ukiona kasoro, unarekebisha, na mwingine anapata."

Hapo nikaelewa, ingawa sikumwambia. Shangazi yangu ameolewa kule Kwapa, upande wa Tororo. Wanawake wa huko leo wanalima shamba la huyu, kesho la yule, na hakuna anayeandika nani alilima zaidi. Ni bure, lakini kuna migongo iliyouma.

"Iko mingi," akasema. "Siwezi kukuchagulia. Nitakuwekea mitatu kwenye flashi moja, uende uijaribu nyumbani bila kufuta chochote. Ile itakayokufaa, weka. Haina noma."

Nikamuuliza ipi nzuri. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mume yupi mzuri. "Nzuri kwa nani?"

Nilijaribu mchana, mtoto akiwa amelala kwenye mkeka. Wa kwanza ulikuwa mrembo kweli, rangi za chungwa na zambarau, vitu vinateleza kama kwenye simu ya tajiri. Lakini mashine yangu ilihema. Ukifungua barua moja, unaweza kwenda kuosha vyombo ukarudi. Wa pili ulikuwa mwepesi, nikaupenda, nikaanza hata kuuzoea, halafu nikaunganisha printa. Kimya. Nikachomoa nikachomeka. Nikajaribu kuombea. Kimya. Wa tatu ulikuwa wa kijivu, umepooza, maandishi madogo, sura ya ofisi ya serikali. Nikaunganisha printa. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikatoa ukurasa.

Basi. Kama kuna anayetaka kujua nilichaguaje mfumo, ndivyo hivyo. Printa ilichagua. Wanaume wanaobishana mtandaoni mfumo upi ni bora hawana mama mkwe Lunyo.

Nilipobofya kuuweka moja kwa moja, kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikaitazama ile sentensi. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo kabla ya kufanya jambo. Nikabofya ndiyo.

Mume wangu alirudi kutoka safari ya Mombasa, akakuta skrini ya kijivu.

"Hii nini?"

"Mfumo mpya. Wa bure."

"Risiti iko wapi?"

"Nimesema wa bure."

"Nimesikia. Risiti iko wapi?"

Mtu huyu amekulia kwenye foleni za forodha. Maisha yake ni karatasi: ya mzigo, ya lori, ya bima. Amewahi kulala siku nzima barabarani kwa sababu ya muhuri uliofifia. Kwake, kitu kisicho na risiti ni magendo, na magendo yana mwisho mmoja.

"Ile ya zamani ndiyo ilikuwa magendo," nikamwambia.

"Ile ina risiti."

"Ya fundi!"

"Na muhuri."

"Muhuri wa fundi! Hata mimi naweza kuchonga muhuri kwa kiazi!"

"Mama mtoto, usipige kelele. Nakuuliza tu. Siku wenye kitu wakija kukitafuta, utawaonyesha nini?"

Nikamweleza habari za kazi ya pamoja, habari za Kwapa. Akasikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza mlevi. Kisha akatoka nje, nikamsikia kwenye simu, "Ndiyo, mama. Mashine imeharibika. Njoo Jumamosi."

Sikulia. Nilikaa nikakunja nepi zilizokauka, moja moja, kwa nguvu ambayo nepi haihitaji.

Jumamosi mama mkwe akafika na karanga kwenye mfuko, na kidumu cha njano, kidogo, cha kumtosha mtoto anayejifunza kuchota maji. Alikiweka juu ya meza, karibu na kibodi. Mwanangu akakifuata akicheka, akakipiga kofi.

"Unaona?" mama mkwe akasema. "Anakipenda."

Nilikuwa bado natafuta jibu lisilo tusi pale yule mama mwenye flashi alipobisha hodi. Nami nilidhani siku ile haiwezi kuwa mbaya zaidi. Alikuwa amechoka kuliko mimi. Alikuwa amezunguka Tororo yote, kila mahali wanamwambia flashi ni tupu. Maziko ni Jumatatu. Mkononi alikuwa na ile nakala ya mchungaji, imejaa kalamu nyekundu.

"Utaandika upya," akasema. "Bure. Mahali pa picha uache wazi. Baba atazikwa bila uso, na mimi nitawaambia watu ni nani amekula."

Nikaketi, nikaandika. Mama mkwe kwenye kochi, mjukuu magotini. Mume wangu kasimama mlangoni, mikono nyuma. Nilipomaliza nikamwomba flashi ili nimhifadhie kazi. Akanipa kama anayempa mwizi ufunguo.

Nikaichomeka. Vile vimshale vilikuwapo, vyote. Pembeni yao kulikuwa na folda ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Nikaifungua. Maisha yote ya mzee yalikuwa mle, na picha. Virusi havikuwa vimekula kitu, vilikuwa vimeficha tu, na huu mfumo wangu wa kijivu haukuambiwa kwamba haupaswi kuona.

"Mama," nikasema, "njoo umwone baba yako."

Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Mkono wake uliniangukia begani, akautia uzito wake wote. Hakusema pole. Alisema, "Koti hilo nilimnunulia mimi," akaanza kulia, na printa ikaanza kukohoa.

Alipoondoka na programu zake kifuani, mume wangu akasafisha koo. "Mama," akamwambia mama yake, "mtoto acha tu akae. Mama yake ana kazi."

Ndivyo alivyosema, kirahisi tu. Ningepaswa kushukuru. Nilichosikia ni hasira imenipanda mpaka masikioni, kwa sababu nilimzaa yule mtoto, nikamnyonyesha, nikamkesha, na hayo yote hayakutosha. Ilibidi printa initetee.

Mama mkwe hakubishana. Alikuwa anaitazama skrini.

"Mke wetu. Na mimi andika yangu."

"Yako nini, mama?"

"Ya mazishi."

"Mama! Wewe ni mzima."

"Ndiyo. Nataka kusikia uongo wenu mapema." Akajiweka sawa. "Andika, alikuwa mlimaji hodari. Andika, hakuiba. Andika, kanisani alikuwa anaimba kuliko mke wa mchungaji."

"Mama, hiyo watakasirika," mume wangu akasema.

"Nitakuwa nimekufa, watanifanya nini? Andika, ameacha wajukuu wengi." Akainama kumtazama mtoto. Mwanangu alikuwa amelala mikononi mwake, mdomo wazi, makombo ya karanga kidevuni. "Andika, mmoja alinyimwa."

Mume wangu akatazama viatu vyake. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi. Nikaandika vile vile alivyosema.

"Nichape?"

"Chapa."

Akaikunja mara mbili, akaitia kifuani, akanirudishia mtoto polepole asiamke. Kidumu alikiacha juu ya meza. Nikamkumbusha, akasema amesikia, akaenda zake.

Kiko nyuma ya mlango hadi sasa. Mtoto akikidai nampa achezee, akimaliza nakirudisha pale pale.